UCHANGANUZI: Tiketi ya saa jijini Paris, na mawe ya Lokori yasiyo na lango

KARIBU na mji wa Lokori, Turkana Mashariki, katika nyanda za Mto Kerio, yapo makaburi ya kale yaliyozungushiwa mawe yaliyosimamishwa wima. Juu ya baadhi ya mawe hayo mkono wa mtu tusiyemjua ulichonga duara, mistari na alama nyingine ambazo Mturkana wa leo, akizitazama, hukumbuka chapa anazowatia ng’ombe na ngamia wake. Mahali hapo panaitwa Namoratunga, yaani watu wa mawe. Mchungaji apitaye hapo na mbuzi wake haulizwi tiketi wala hapangiwi saa ya kutazama.

Jijini Paris mambo ni tofauti. Anayetaka kuingia katika makavazi ya Louvre, ambamo mna picha mashuhuri ya Mona Lisa, hushauriwa kwanza kuchagua siku, kisha kipindi cha nusu saa ndani ya siku hiyo, kisha kulipa kwa mtandao kabla ya kufunga safari. Na tangu Januari 14, 2026, mgeni asiyetoka katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya hulipa yuro 32, ilhali mkazi wa eneo hilo hulipa 22. Kwa kima cha takriban Sh150 kwa yuro moja, Mkenya anatoa karibu Sh4,800 ili apewe nusu saa ya kupita mlangoni.

Huenda msomaji aliyeko Lodwar au Kakuma akauliza: haya yanatuhusu nini sisi ambao barabara na maji bado ni kitendawili? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Mosi, vijana wetu wanazidi kwenda ng’ambo kwa masomo, riadha, kazi na mikutano, na kila mmoja hutamani kuona hazina hizo angaa mara moja. Pili, na hili ndilo zito, sehemu ya hazina zilizofungiwa katika nyumba hizo ilitengenezwa na mikono ya babu zetu. Tiketi ya saa maalumu ni chombo kizuri cha kuongoza umati. Lakini imeliweka wazi swali ambalo foleni ya zamani ililificha: nani anashika ufunguo, na nani anapangiwa zamu?

Chanzo cha tiketi za saa

Mwaka 1972 makavazi ya British Museum jijini London yalionyesha hazina za Farao Tutankhamun. Watu zaidi ya milioni 1.6 walifika, na wengi walisimama kwenye foleni kwa saa kadhaa. Maonyesho makubwa ya aina hiyo ndiyo yaliyowafundisha wasimamizi kwamba mlango mmoja hauwezi kuumeza mji mzima kwa mara moja. Polepole wakaanza kuigawa siku vipande vipande, na kila kipande kikapewa idadi yake ya watu.

Louvre ilipokea wageni milioni 10.2 mwaka 2018, idadi ambayo hakuna makavazi yaliyokuwa yameifikia. Mwaka uliofuata, kwa maonyesho ya kazi za Leonardo da Vinci, ikalazimisha kila mgeni kuhifadhi nafasi mapema. Kisha likaja janga la corona mwaka 2020. Makavazi mengi ambayo hayakuwa na desturi hiyo yaliianza ili kuwatenganisha watu, na ugonjwa ulipopungua, desturi ikabaki. Leo Louvre imejiwekea kikomo cha watu 30,000 kwa siku. Hata hivyo, wafanyakazi wake waligoma Juni 16, 2025 wakilalamika kwamba umati umewazidi nguvu, na wageni waliokuwa na tiketi mkononi wakaachwa nje wakisubiri.

Kuna mahali ambapo saa imewekwa kwa ajili ya kuilinda kazi yenyewe. Mjini Milan, Italia, Leonardo alichora Karamu ya Mwisho ukutani kwa mbinu iliyoanza kubanduka hata kabla hajafa. Pumzi na unyevu wa watu huidhuru zaidi. Baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 1999, wageni huingizwa kwa vikundi vidogo na kupewa dakika 15 tu, kisha hutolewa. Katika jumba la Borghese, Roma, muda ni saa mbili. Makavazi ya Van Gogh jijini Amsterdam nayo huuza tiketi kwa mtandao pekee, na kila tiketi ina saa yake ya kuanza. Mwaka 2023, Rijksmuseum ya jiji hilohilo ilipokusanya picha 28 za mchoraji Vermeer, tiketi zilikwisha siku chache tu baada ya milango kufunguliwa, ingawa maonyesho yalikuwa yadumu karibu miezi minne.

Isidhaniwe kuwa huu ni utaratibu wa Wazungu peke yao. Misri ilizindua makavazi yake makubwa karibu na piramidi za Giza mnamo Novemba 1, 2025. Katika muda wa siku chache umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba uuzaji wa tiketi ulisitishwa kwa muda, na kuanzia Desemba mwaka huo wageni wakatakiwa kuchagua saa zao mtandaoni. Tofauti ni kwamba mtoto wa Misri anahifadhi nafasi ya kuona mali ya nchi yake, ndani ya nchi yake, kwa bei nafuu kuliko mgeni.

Saa yetu na saa yao

Kwa msemaji wa Kiswahili, tatizo la kwanza la tiketi hizi ni dogo, lakini limewaponza wengi: saa yenyewe. Tiketi ikiandikwa 09:30, kwetu ni saa tatu na nusu asubuhi. Ikiandikwa 15:00, ni saa tisa alasiri. Aliyezoea kuhesabu kuanzia macheo, anapokuwa na uchovu wa safari, anaweza kusoma 09:30 akaielewa kuwa saa tisa na nusu, akafika alasiri na kuambiwa kwamba kipindi chake kilikwisha tangu asubuhi.

La pili ni tofauti ya majira. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima. Ulaya hubadilisha mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Wakati wa majira yao ya joto, Nairobi huitangulia Paris kwa saa moja na London kwa saa mbili. Wakati wa baridi huitangulia Paris kwa saa mbili na London kwa saa tatu. Anayengojea tiketi zifunguliwe saa fulani ya huko hana budi kulijua hilo, kwa kuwa tiketi za maonyesho yanayopendwa hunyakuliwa upesi.

La tatu ni malipo. Zamani hapa ndipo wengi walipokwama, kwa sababu tovuti hizo hudai kadi ya benki. Tangu 2022 mwenye M-Pesa anaweza kujifungulia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay na kulipia kwa simu yake, akiwa Lokichar au Lokichoggio, mradi mtandao uwepo. Jambo la kuzingatia ni kununua katika tovuti ya makavazi yenyewe. Zimejaa tovuti za walanguzi zinazofanana na ile halisi, zinazonunua nafasi kwa wingi na kuziuza kwa bei maradufu. Aidha, jina lililo kwenye tiketi na liwe lile lililo kwenye pasipoti, maana mlangoni mgeni anaweza kutakiwa kuthibitisha.

Haya yote ni mambo ya mtu kujifunza. Mwenye simu na akili timamu atayajua kwa siku moja. Ugumu uko kwingine.

Mlango ulio kabla ya mlango

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alialikwa kwenye warsha ya wanahabari katika mji mmoja wa Ulaya. Kwa kuwa tangu chuoni alikuwa amesoma vitabu kuhusu makavazi ya mji huo bila kuwahi kuyaona, alikata tiketi ya saa nane mchana, siku moja kabla ya warsha kuanza. Aliichapisha na kuitia ndani ya daftari. Viza ikachelewa. Siku ya tiketi ilipofika, saa nane mchana, alikuwa Nairobi ameketi kwenye benchi akisubiri kuitwa jina. Viza ilipatikana kesho yake. Alipofika, nafasi za wiki nzima zilikuwa zimejaa, na fedha hazikurudishwa kwa sababu masharti yalikuwa yameeleza hivyo tangu mwanzo. Hakukuwa na wa kulaumiwa. Makavazi yalikuwa na kanuni zake na ubalozi ulikuwa na zake, lakini kanuni hizo hazikujuana.

Hapo ndipo utaratibu huu unapotugawa. Mkazi wa Berlin akikata tiketi ya Louvre, jambo lake limekwisha. Kilichobaki ni kupanda treni. Mkenya akikata tiketi hiyohiyo, amekata ahadi ya siku na saa ambayo hana uwezo wa kuitimiza peke yake. Ni lazima kwanza aombe viza ya Schengen, ambayo ada yake ilipandishwa kutoka yuro 80 hadi 90 mnamo Juni 11, 2024, sawa na takriban Sh13,500, na ambayo hairudishwi akikataliwa. Ni lazima awe na bima isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na ushahidi wa mahali pa kulala. Ni lazima apate miadi. Na kwa mtu wa Lokori, kila mojawapo ya hatua hizo huanza kwa safari ya Lokichar, kisha Lodwar au Kitale, kisha Nairobi, mwendo unaokaribia au kupita kilomita 600, katika barabara ambazo sehemu zake zimewahi kushambuliwa na majangili.

Kwa kijana wa kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, hesabu ni ngumu zaidi. Yeye huhitaji kibali cha kusafiria hata kufika Nairobi. Wapo miongoni mwao wachoraji na wachongaji hodari waliozaliwa kambini. Ukimwambia mmoja wao achague nusu saa aipendayo ya kuingia Louvre, atadhani unamdhihaki.

Kwa hiyo tiketi ya saa, ambayo imetungwa ili kuwatendea watu wote sawa, huishia kumpa kila mtu usawa unaomfaa yule ambaye tayari anaweza kusafiri apendavyo. Foleni ya zamani ilikuwa na udhia wake, lakini ilimngoja aliyechelewa. Ratiba ya sasa haimngoji mtu.

Vilivyo ndani, na visivyoonekana

Hebu tuseme mwana wa Lokori amevuka vikwazo hivyo vyote na amesimama ndani ya makavazi ya ng’ambo. Ataona nini cha kwao?

Kati ya 2018 na 2021 wasanii na watafiti wa Kenya, Ujerumani na Ufaransa, wakishirikiana na Shirika la Makavazi ya Kitaifa la Kenya, waliorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje. Orodha yao ilipita vitu 32,000, katika taasisi 30 pekee zilizokubali kutoa habari. Humo mna mikuki, vibuyu, shanga, ngoma, vazi la bibi harusi na kiti cha mzee. Kigoda cha Waturkana kiitwacho ekicholong, ambacho mwanamume hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku ili asiharibu nywele zake zilizosukwa kwa udongo, kimo katika makavazi mengi ya Ulaya na Marekani. Vivyo hivyo abarait, kisu cha kuvaliwa mkononi.

Lakini kuwamo si kuonekana. British Museum yenyewe husema ina vitu takriban milioni 8, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia moja. Vingine vimo ghalani. Mfano unaouma ni ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa London, na makao yake yamekuwa ghala. Tiketi ya kuingia British Museum haina malipo, na mtu anaweza kuhifadhi saa yake mtandaoni. Lakini hata angehifadhi saa zote za mwaka mzima, tiketi hiyo haifungui ghala.

Hata mawe ya Namoratunga, ambayo hayajang’oka mahali pake, yamefika London kwa namna nyingine. Taasisi ya Sanaa ya Miamba ya Afrika, yenye makao yake Nairobi, ilipiga picha za michoro ya miamba kote barani, na tangu 2013 British Museum ikaziweka kwenye hazina yake ya kidijitali picha zipatazo 25,000. Si jambo baya. Picha hizo zinaweza kuwa ushahidi pekee siku jiwe litakapovunjwa. Lakini lina fundisho: mwanafunzi wa Lokori anayetaka kusoma kuhusu jiwe lililo karibu na shule yake hulipata kwa urahisi zaidi katika tovuti ya London kuliko katika maktaba ya kaunti yake.

Hoja ya usalama

Kwa muda mrefu tumeambiwa kwamba vitu hivi vimetunzwa huko kwa sababu huko viko salama. Hoja hiyo haikuwa ya uongo mtupu, na mtu mwadilifu hapaswi kuipuuza. Mali ya kale imeibwa Kenya pia. Vigango vya Wamijikenda viling’olewa makaburini katika miaka ya 1980 na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na waliouza walikuwa watu wetu.

Hata hivyo, hoja hiyo imepata ufa. Agosti 2023 British Museum ilikiri kwamba vitu vipatavyo 2,000 vilikuwa vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na vingi miongoni mwavyo havikuwa vimeorodheshwa ipasavyo. Oktoba 19, 2025, mchana kweupe, wezi walipanda kwa ngazi ya lori hadi dirisha la Louvre na kuondoka na vito vya thamani ya yuro milioni 88 kwa muda wa dakika chache. Mgeni wa kawaida alikuwa amekaguliwa mlangoni, saa yake ikaangaliwa na mfuko wake ukapekuliwa. Wezi walipita upande usio na tiketi.

Hakuna sababu ya kushangilia misiba hiyo. Inatufundisha tu kwamba usalama ni kazi ya kila siku, wala si tabia ya asili ya bara fulani. Anayeweza kuifanya Ulaya anaweza kuifanya Turkana, akipewa fedha, mafunzo na orodha iliyo sahihi.

Nairobi nayo ni Paris ya Lokori

Lakini tusiishie kuwanyooshea wengine kidole. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, marehemu Kamoya Kimeu aligundua kipande cha fuvu kilichoongoza kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Dunia humwita Mvulana wa Turkana. Mifupa hiyo huhifadhiwa Nairobi, na wataalamu wana sababu nzuri za kuihifadhi hapo. Kwa mtoto wa Lodwar, hata hivyo, Nairobi iko mbali karibu sawa na ng’ambo, na nauli ya kwenda na kurudi ni mbuzi kadhaa wa baba yake. Mvulana wa Turkana anaonwa zaidi na wasio wa Turkana.

Katiba ya 2010 imetupa njia. Jedwali la Nne huiachia serikali kuu makaburi na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, lakini huorodhesha makavazi na shughuli za utamaduni miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa maneno mengine, Lodwar haihitaji kusubiri ruhusa ya mtu ili kujenga nyumba ya kumbukumbu yenye hadhi. Kaunti imeonyesha kwamba inaweza kukusanya watu: tamasha ya Tobong’u Lore, maana yake karibu tena nyumbani, huwaleta pamoja mjini Lodwar jamii za Kenya, Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Lakini tamasha hudumu siku chache, kisha hema hukunjwa. Makavazi ni tamasha isiyokunjwa.

Mifano ya karibu ipo. Ng’ambo ya pili ya ziwa, Loiyangalani, Shirika la Makavazi lilifungua Makavazi ya Jangwani mwaka 2008. Karibu na Lodwar, Taasisi ya Bonde la Turkana iliyoanzishwa na marehemu Richard Leakey inayo maabara ambamo visukuku huhifadhiwa kwa viwango vya kimataifa. Kwa hiyo madai kwamba joto la Turkana haliruhusu uhifadhi wa mali ya kale hayana msingi. Kinachokosekana ni nyumba ya umma, ya mwananchi wa kawaida, yenye orodha na bajeti.

Nyumba kama hiyo ndiyo itakayofanya mazungumzo na makavazi ya nje yawe na uzito. Denver, Marekani, iliamua kuvirejesha vigango 30 mwaka 2014. Vilifika Kenya mwaka 2019. Miaka mitano ilipita kati ya uamuzi na kutua. Mnamo 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilivipeleka Kampala vitu 39 vya Uganda, kwa masharti ya mkopo. Wapo wanaosema kukopeshwa mali yako ni matusi, na si rahisi kuwapinga. Lakini Kampala ilikuwa na makavazi ya kuvipokea. Iwapo kesho makavazi fulani ya Ulaya yataiandikia Lodwar barua yakisema njooni mchukue ekicholong hamsini, je, vitashushwa wapi?

Tusikopi kufuli bila ufunguo

Na hapa tiketi ya saa hurudi. Siku Namoratunga itakapopata umaarufu unaostahili, magari ya watalii yatafika. Huko Kalokol, karibu na ziwa, yako mawe mengine yenye jina hilohilo, nguzo 19 za basalti. Mwaka 1978 watafiti Mark Lynch na Lawrence Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwenye nyota ili kuhesabu siku. Wengine waliipinga hoja hiyo baadaye, na uchunguzi wa karibuni unazipa nguzo za aina hiyo kandokando ya ziwa umri wa takriban miaka 5,000. Mjadala ungalipo. Lakini ikiwa kuna chembe ya kweli katika maneno ya Lynch na Robbins, basi hapa kwetu watu walipanga saa zao kwa mawe na nyota muda mrefu kabla ya mtu yeyote kupangiwa nusu saa ya Mona Lisa.

Mawe hayo yatahitaji ulinzi. Jiwe huchakaa likikanyagwa, na jina la mtu likichorwa kwa msumari juu ya duara ya kale halifutiki. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inatoa adhabu kwa wanaoharibu, lakini sheria iliyoko Nairobi haimzuii mtu aliyeko Lokori na msumari mkononi. Walinzi wa kwanza ni wenyeji, na wenyeji hulinda kile ambacho hawajatengwa nacho.

Kwa sababu hiyo, utaratibu wowote utakaowekwa uanze na mwenyeji. Mgeni wa mbali ahifadhi siku na saa yake, alipe, na kikundi chake kiwe kidogo kama kile cha Milan. Lakini mchungaji apitaye na mifugo yake, mwanafunzi aletwaye na mwalimu wake, na mzee ajaye kufanya mila, wasitakiwe kuonyesha simu. Tangu 2023 serikali iliamuru malipo ya huduma zake yapitie eCitizen. Utaratibu huo umeziba mianya mingi ya wizi, lakini Julai mwaka huohuo wadukuzi walipoushambulia, huduma nyingi zilikwama nchi nzima. Mahali ambapo mtandao huja na kwenda kama mvua, lango linalotegemea mtandao pekee ni lango lililofungwa.

Aidha, sehemu ya fedha ibaki Lokori, kwa kijana atakayeajiriwa kuwa mlinzi na mwelekezi. Na orodha ifanywe sasa, kabla ya umaarufu kufika: kila jiwe lipigwe picha, lipewe nambari, na nakala ya orodha hiyo ikae Lodwar. British Museum ilijua hasara ya kutoorodhesha vitu vyake mwaka 2023, ikiwa imechelewa.

Wakati huohuo, anayepata bahati ya kwenda Paris au Amsterdam na aende. Akate tiketi yake mapema, lakini asiikate kabla ya kupata viza. Asome saa mara mbili. Akifika, atazame picha za Vermeer na Leonardo bila kinyongo, kwa kuwa ni kazi njema za binadamu wenzake. Kisha amwulize mhudumu kwa adabu vitu vya Turkana vimewekwa chumba kipi. Akiambiwa vimo ghalani, aandike barua kuomba miadi ya kuviona. Barua moja huwekwa kando. Barua mia moja kutoka kaunti moja, zikiungwa mkono na serikali ya kaunti hiyo yenye nyumba tayari ya kuvipokea, haziwekwi kando kwa urahisi.

Wazee wa Turkana husimulia kwamba mawe ya Namoratunga yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Wangali wamesimama hapo, nao hawajamwomba mtu tiketi. Waliohai ndio watakaoamua kama mgeni ajaye atapokewa na mwenyeji anayejua habari za mawe hayo, au na kibao cha chuma kilichochapishwa mahali pengine.